Sherehe ya kufunga mwaka 2024: nifanyeje ili asiyelipiwa naye ale?

MamaGrediTatu

Jamani wazazi wenzangu, naomba ushauri. Naomba pia mnisome hadi mwisho, kwa sababu sehemu ya kuniaibisha iko katikati.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi wa Gredi ya Tatu kwenye shule moja ya serikali huku Eastlands, Nairobi. Mikondo mitatu, watoto 171. Kazi yenyewe sikuiomba. Nilichelewa mkutano wa Januari, nikafika nikakuta nimeshachaguliwa. Jumamosi ijayo tuna kikao cha kupanga sherehe ya kufunga mwaka, na mwenyekiti ameshatuma pendekezo lake kwenye kundi la WhatsApp: shilingi 400 kila mtoto, na atakayelipiwa atavishwa bangili ya karatasi ya rangi, eti kama zile za Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni, ili siku yenyewe "tusisumbuane". Watu kumi na watano wakaweka dole gumba. Mimi niliandika ujumbe nikafuta, nikaandika tena nikafuta.

Sasa ya mwaka jana.

Mwaka jana walikuwa Gredi ya Pili, watoto 168. Tulichangisha 300. Waliolipiwa walikuwa 121. Siku ya kufunga shule nikapewa kazi ya kusimama kwenye foleni ya chakula, kwa sababu nina sifa ya kutodanganyika. Nauza nguo za watoto Gikomba, na hapiti mtu kwangu na suruali mbili kwa bei ya moja. Nikapewa kalamu nene nyekundu, ile ya kuandikia makatoni. Asubuhi nilipita darasa kwa darasa na daftari, na kila mtoto mwenye jina humo nikamwekea alama ya vema nyuma ya mkono wa kulia. Wasiokuwa na alama walipewa ripoti zao wakaambiwa wanaweza kwenda nyumbani. Haya, mtoto wa miaka minane anaona lile jumba la mpira la kurukia linapulizwa upepo uwanjani, linainuka kama mkate. Aende nyumbani kufanya nini?

Saa saba hivi foleni ya pilau ilikuwa imefika kwenye matangi ya maji. Watoto wote nilikuwa nikiwavuta mkono mwenyewe, naangalia, napitisha. Akaja mvulana mmoja ambaye aliunyoosha kabla sijauomba. Alama ilikuwepo, nyekundu, lakini nyembamba kama uzi, imepitiwapitiwa mara nyingi mpaka ngozi imevimba kidogo. Ilikuwa ya biro. Na ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, kwa sababu mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia hawezi kujichora mkono huohuo.

Nikamwambia, "Hii si yangu." Basi. Hakulia. Aliuingiza mkono mfukoni akatoka kwenye foleni kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau mahali. Na mimi, naapa, kwa dakika kama mbili hivi nilijiona fundi.

Ni jioni, tukiosha vyombo, ndipo nilipomkumbuka. Ndiye aliyeongoza ngonjera asubuhi, yule tuliyempigia makofi. Na pilau ilibaki, nusu sufuria. Tuligawana akina mama wa kamati kwenye vibakuli, nami nikabeba changu hadi nyumbani. Tulikila.

Binti yangu alikuwa kwenye foleni ileile, watoto watatu nyuma ya yule mvulana. Mwaka mzima hakusema kitu. Juzi nilipomwambia tunapanga sherehe, akasema, "Mama, mwaka huu wewe usishike kalamu," akaendelea kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo nauliza. Kumlisha mtoto mmoja siku hiyo kunagharimu kiasi gani hasa? Je, kuna shule iliyofanya sherehe bila kutenga watoto, na mlifanyaje? Tafadhali msiniambie nikaongee na mwalimu mkuu. Nimeongea naye, amesema haya ni mambo ya wazazi.

SufuriaKubwa

Dada, pole, lakini umenifanya nitoe kikokotoo.

Mimi kazi yangu ni kupikia watu: matanga, harusi, ruracio (sherehe ya mahari), chochote. Watoto ndio wateja rahisi kuliko wote, ila kamati huwa zinawapigia hesabu kama madereva wa lori. Mtoto wa Gredi ya Tatu hali sahani ya mtu mzima. Anataka iwe imejaa, basi, na sahani ndogo hujaa haraka.

Watoto 171, pilau. Mchele kilo 18, shilingi 170 kila kilo, ni 3,060. Nyama isiyo na mfupa kilo 8 kwa 700, hiyo 5,600; ukate vipande vidogo kama dadu, kila sahani ipate vitatu au vinne, na usitie mifupa kwenye chakula cha watoto wanaocheza. Vitunguu 500. Mafuta lita tatu 950. Nyanya, saumu, tangawizi na viungo vya pilau 900. Kuni 1,500. Kabichi na karoti za kukatakata pembeni 700. Jumla 13,210. Halafu tikiti maji nane, 250 kila moja ukienda soko la Marikiti alfajiri, 2,000. Soda achana nayo. Utalipia chupa, utalinda chupa, na jioni utatafuta chupa mbili zilizopotea mpaka giza liingie. Kipande cha tikiti kinashikwa kwa mkono na ganda analiokota mbuzi.

Hiyo ni 15,210. Gawanya kwa 171, hata 90 haifiki. Hizo ni bei nilizonunulia wiki iliyopita mimi mwenyewe.

Usikubali mtu akuletee habari ya chapati. Kila kikao cha Nairobi kina mzazi mmoja wa kusema "watoto wanapenda chapati". Wanapenda, ndiyo. Mbili mbili ni 342. Pakiti ya unga ya kilo mbili inanipa 16, nikiwa mchoyo 18. Hizo ni pakiti 19 hadi 22 na wanawake wanne wa kusukuma tangu saa tisa usiku, na ya mwisho ikitoka jikoni, ya kwanza imeshakuwa soli ya kiatu.

Kitu kimoja nitasema na usinichukie. Sufuria ikibaki nusu baada ya watoto 121, aliyepika alipikia watoto 170 au zaidi. Chakula cha wale 47 kilikuwa kimeshaiva.

Mpita_Njia

Kwetu PP2, darasa la mwisho la chekechea, walikodiwa magauni na zile kofia za mraba, 700 kila mtoto. Wangu alihitimu akiwa amelala begani kwa baba yake. Kofia haikurudi, tukalipa tena.

BabaPacha

Mimi nitasema ambalo wengine wanaogopa kusema.

Nina pacha. Wewe ukiambiwa 300, mimi naambiwa 600. Niko kwenye bodaboda, steji ya kwetu ina pikipiki arobaini, siku ya mvua sipati kitu. Mwaka jana kwenye shule yetu nililipa zote mbili, nikanyima pikipiki huduma mwezi ule, cheni ikanikatikia Jogoo Road. Sasa mzazi mwenzangu ambaye ninambeba kila Jumamosi kumpeleka kuangalia mpira, namjua, analipa kiingilio na kinywaji, mtoto wake hakulipiwa. Mkisema watoto wote wale, mwaka ujao mimi nitalipa kwa nini? Na yule mwingine je? Mwaka wa tatu mtakuwa na wazazi kumi wanaolisha shule nzima.

Sikatai kwamba yule mtoto aliumia, nimesoma na mate yamenikauka. Lakini kuna sisi tunaolipa huku tumekaza mkanda, na hakuna anayetuandikia hadithi.

Na mlitumiaje zile 36,300 mlizochangisha? Hilo hukulisema, mama.

MamaGrediTatu

Baba Pacha, umenikamata mahali penyewe. Nimeenda kutoa daftari kwenye kabati.

Jumba la kurukia 6,000. Tenti na viti 5,000. Spika na diji 4,500. Keki 4,800. Hapo ni 20,300 na hakuna mtoto aliyetia punje mdomoni, isipokuwa kipande cha keki. Chakula na soda vilichukua 16,000 iliyobaki.

Yaani sisi tulimzuia yule mtoto asile pilau ili kulinda tenti. Na mvua haikunyesha. Tenti waliikalia wazazi.

Na kuhusu mzazi wa mpira, wapo, sikudanganyi, hata kwetu wapo. Ila kwenye daftari langu siwezi kumtofautisha yeye na yule mama anayefua nguo za watu na amekaa wiki mbili bila kuitwa. Wote wawili wana mstari mtupu mbele ya jina la mtoto. Nimejaribu kukumbuka ni nani kati ya wale 47 ninayeweza kuapa kwamba alikuwa nazo akakataa. Nimefika wanne.

SpikaMbili

Naona nimetajwa bila kutajwa, mimi ni mtu wa muziki.

Watu wa kamati hawajui siri moja. Shule za serikali hufunga siku moja, nchi nzima. Ijumaa ile ya mwisho tenti zote za Eastlands ziko nje, majumba ya kurukia yamebukiwa tangu Septemba, na mimi mwenyewe napandisha bei, sifichi. Nikiitwa 4,500 naenda, na nikitoka hapo saa nane nina shule nyingine saa nane na nusu, kwa hiyo watoto wenu mnawapa diji anayeangalia saa.

Nipigieni Jumatano au Alhamisi ya wiki ya kabla. Spika mbili, maikrofoni moja, kuanzia saa nne hadi saa nane, 1,500, na petroli ya jenereta juu yenu kama stima ya shule haiaminiki. Watoto wa Gredi ya Tatu hawahitaji diji. Wanahitaji mtu mwenye kidole cha kusimamisha muziki ghafla wote wagande kama sanamu. Mchezo huo wanaweza kuucheza hadi usiku.

MwalimuMstaafu

Mwanangu, nimesoma habari yako mara mbili. Nilianza kushika chaki 1984 na nimestaafu Nairobi hapahapa, na siku za kufunga shule nimeziona za kila namna. Nitaanza na ya karibu, kisha nikupe za zamani, maana wazee hatuwezi kuacha.

Kijana wa muziki amesema kweli kuhusu siku, na kuna sababu nyingine mbili asizozijua. Mkifunga Ijumaa, Jumatatu yake Gredi ya Sita wanaanza KPSEA, mtihani wao wa kitaifa. Ijumaa hiyohiyo wako kwenye mazoezi ya mtihani, madawati yamepangwa, wanaonyeshwa mahali pa kukaa. Mkipiga muziki uwanjani mnawapigia masikioni. Ya pili ni mvua za vuli. Kadiri mnavyosogea mwisho wa Oktoba ndivyo mnavyolazimika kukodi hiyo tenti. Sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, mwaka huu ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ni mapumziko. Fanyeni Alhamisi ya tarehe 17. Ikinyesha, ingieni madarasani. Mtoto hajui kwamba sherehe bila tenti si sherehe. Hayo tumemfundisha sisi.

Sasa hili la pesa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma haitozi karo. Tozo nyingine zinataka idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Mtoto hawezi kukataliwa kuhudhuria shule kwa sababu hakulipa. Na hakuna mtu wa kukusanya michango bila kutoa risiti rasmi. Siku ya kufunga ni siku ya shule. Mtoto kuambiwa saa nne aende nyumbani kwa sababu hana alama mkononi, mimi ningekuwa zamu siku hiyo nisingelala. Lakini usiingie kikaoni ukiipunga sheria kama panga. Utashinda hoja upoteze watu. Iweke mkobani, waijue iko.

Waulize tu hivi: fedha ambazo serikali imekuwa ikihesabu kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Chaki, vitabu, ukarabati, kila kitu. Nyinyi mnaomba 400 kwa adhuhuri moja.

Za zamani sasa. Nilipoanza kazi kulikuwa na maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni enzi za Rais Moi, ya pakiti za pembe tatu. Watoto wa siku hizi hawayajui, lakini mzazi yeyote wa Kenya aliyepita miaka 40 ukimtajia anajilamba mdomo. Lori linaingia, unahesabu vichwa, unagawa. Mtoto wa chifu na mtoto wa mchunga ng'ombe wanang'ata pembe ya pakiti kwa meno namna moja. Sitaki kusifu serikali ile, ilikuwa na yake. Nasema tu kwamba mimi kama mwalimu sikuwahi kushika orodha.

Halafu Januari 2003, elimu ya bure. Darasa langu lilikuwa na watoto 50, ndani ya wiki mbili wakawa 96. Wengine walikuja na umri wa kunyoa ndevu. Ilipofika kufunga mwaka, wazazi wakasema hakuna sherehe, wengi mno. Walimu watatu tukaamua githeri. Kila mtoto alete kikombe cha mahindi au cha maharagwe. Tulijua wapo watakaokuja mikono mitupu, kwa hiyo tukaweka gunia mlangoni, mdomo wake ukiwa umekunjwa hivi, mkono unaingia lakini jicho halioni. Aliyeleta kikombe kizima, aliyeleta konzi, mkono uliingia ukatoka. Na kabla hawajafika tulishatangaza kwamba gunia linahitaji wa kulishika, wawili wawili, kwa zamu. Waliokuja mikono mitupu walilishika gunia. Hakuna aliyewatuma, watoto wana akili. Mmoja alishika tangu asubuhi hadi likajaa, akakataa kupokezwa, vidole vyake vilikuwa na mistari ya katani.

Baba Pacha, ndugu yangu, wewe nakuheshimu. Lakini mzazi wa mpira hata siku moja hajaaibishwa na foleni ile. Hakuwepo.

SufuriaKubwa

Mwalimu, shikamoo. Githeri nayo hesabu yake iko chini zaidi, lakini inataka moto wa usiku kucha.

Dada, nimefikiria. Mkichangisha 150 badala ya 400, na wakalipa 120 tu kama mwaka jana, mna 18,000. Chakula 15,210. Mimi na msaidizi wangu tutakuja kwa 2,500, bei ya watoto. Zinabaki 290, nunua sabuni ya kuoshea sahani. Wote 171 wamekula na hakuna aliyemlisha mtoto wa mwenzake kwa shilingi nyingi: ni kama 45 kwa kila aliyelipa. Hiyo hata nauli ya matatu kutoka Umoja kwenda mjini haifiki.

BabaPacha

45.

Sawa. 45 naitoa hata kwa mtoto wa mtu wa mpira. Kwa pacha ni 90, nayo sawa.

Lakini ninyi wa kamati mtoe hesabu. Mkimaliza, piga picha ya kila ukurasa wa daftari weka kwenye kundi, na risiti ya nyama, na risiti ya mchele. Sisi tunaolipa kwa shida hatukasirishwi na mtoto kula. Tunakasirishwa na kutoona. Mwaka jana kwetu niliuliza keki ilikuwa ya bei gani nikaambiwa nina roho mbaya.

Na kama mchele unatoka Nyamakima mniambie, nitaubeba kwa nauli ya mafuta tu. Kilo 18 ni kama abiria mwembamba.

MamaGrediTatu

Nimerudi. Kikao kilikuwa jana, saa tatu na nusu mpaka saa saba na dakika kumi, chini ya mti kwa sababu mwenye funguo za darasa hakuja.

Sikuanza na yule mvulana. Nilianza na daftari. Niliwasomea: jumba, tenti, spika, keki, halafu nikanyamaza, wakajumlisha wenyewe. Mama mmoja wa mkondo wa Mashariki akauliza, "Kwa hiyo chakula kilikuwa chini ya nusu?" Kuanzia hapo hawakuwa wakibishana na mimi, walikuwa wakibishana na mwaka jana. Nikatoa hesabu ya SufuriaKubwa kwenye karatasi. Mwenyekiti akasema mpishi huyo hayupo duniani. Nikampigia SufuriaKubwa simu palepale, akamjibu mwenyewe. Yaliyosemwa kuhusu chapati siyarudii.

Tumefika 200, si 150. Wanataka akiba ya mvua, na sikuona sababu ya kufia 50. Watoto wote wanakula, na hilo limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, nimelisoma mwenyewe kabla ya kuweka sahihi. Ni Alhamisi tarehe 17. Tenti hakuna. Muziki ni SpikaMbili. Risiti zitatolewa, mweka hazina alinung'unika, nikataja kifungu kwa sauti ya chini, akaacha. Keki imebaki, nimeshindwa. Mwenyekiti ana shemeji anayeoka, na ukoo hauna dawa. Jumba la kurukia limetolewa kwenye bajeti, ila anayelitaka sana atafute mfadhili.

Jambo la kuchekesha ni bangili. Alikuwa ameshazinunua kabla ya kikao, pakiti mbili za mia mia, za manjano, kwa pesa zake. Alinyamaza muda mrefu. Mwisho mwalimu wa Gredi ya Tatu Magharibi akasema basi kila mtoto apewe yake, aandike jina lake, tutajua nani amepotea wakienda kunywa maji. Zitabaki 29. Binti yangu ameniomba mbili.

Na yule mvulana nilimtafuta. Nilikuwa nimejipangia maneno, sijui hata kama mtu mzima anamwambia nini mtoto wa miaka tisa kwenye jambo kama hilo. Mwalimu wake wa darasa alifungua rejista, akanionyesha. Jina limepigwa mstari Mei. Walikuwa wanaishi kando ya mto. Baada ya mafuriko ya Aprili nyumba za pale zikabomolewa na familia ikaondoka, mwalimu anadhani ni Kayole au ni mashambani, hakuna aliyekuja kuchukua barua ya uhamisho. Ngonjera yake mwaka huu wamempa msichana mmoja mwenye sauti kubwa. Anaifanya vizuri.

Binti yangu nimemwambia. Aliuliza kama Kayole ni mbali. Nikasema ni matatu moja. Hakuuliza tena.

Mchele nimeshalipia, kilo 18, Nyamakima. Baba Pacha, nitakutumia jina la duka pembeni, njoo na kamba. Mwenye kujua mtu anayekodisha sufuria ya lita mia upande wa Umoja au Donholm aseme leo. Ile ya kanisa tuliyoitegemea imeazimwa harusi, itarudi Ijumaa.